Kwa MaDlamini: niliyojifunza kwa mama mkwe kijijini Transkei

Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu niliyeolewa kwa Waxhosa. Mume wangu tulikutana Dar es Salaam alipokuwa na mkataba wa kazi pale, tukaoana, tukahamia Johannesburg. Mwaka 2017 mama yake alianguka akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali ikabidi mtu akakae naye kijijini, na katika familia nzima mwenye nafasi nilikuwa mimi. Mume wangu alikuwa kazini, mawifi zangu wawili wako Cape Town, shemeji yangu yuko mgodini Rustenburg. Nikaenda. Nilikaa zaidi ya mwaka, na tangu wakati huo hakuna Desemba tusiyokwenda.

Ndugu zangu wa Mbeya na Dar huniuliza sana habari za Afrika Kusini, na kila mara wanauliza habari za Johannesburg: maghorofa, mishahara, ujambazi, wageni kufukuzwa. Hakuna anayeuliza habari za kule nilikoijulia nchi ile. Na niliyojifunza kule ningependa yawafikie watu wa kwetu, maana yanatuhusu: kubaki nyumbani ni kazi, tena kazi yenye ujuzi wake, na sisi tulioondoka tunaishi kwa jasho la waliobaki hata pale tunapojiona sisi ndio tunaowalisha.

Kijiji sitakitaja jina, ni kidogo mno na kila mtu angejulikana. Kiko jimbo la Eastern Cape, upande wa bahari, katika eneo ambalo watu bado wanaliita Transkei. Ukitoka mji wa Mthatha unafuata barabara kuu ya N2, unakata kushoto pale Viedgesville, unapita Mqanduli na kuendelea kama mtu anayekwenda Coffee Bay. Lami ina mashimo, na ng'ombe, mbuzi na nguruwe wanaitumia kuliko magari. Halafu unaiacha lami, unapanda pikapu yenye turubai nyuma, mnabanana humo na mifuko ya unga na mitungi ya gesi mpaka mwisho wa barabara ya changarawe. Kutoka hapo ni miguu.

Mtu aliyekulia Tukuyu, kwenye migomba na mvua isiyokwisha, anashangazwa kwanza na uwazi. Vilima vya nyasi vinafuatana mpaka baharini, miti imejificha mabondeni, na mgongoni mwa kila kilima zimetawanyika nyumba za duara za tofali za udongo zenye paa la nyasi. Nyingi zimepakwa rangi ya feruzi. Hakuna uzio kati ya boma na boma, wala mtaa. Kila boma lina zizi lake, na nyumba zimejipanga zikilitazama zizi.

Ilibidi kwanza nipokelewe. Ndoa yetu ilikuwa halali kanisani na serikalini, na mahari ilishalipwa Tukuyu, lakini kwa MaDlamini nilikuwa bado mgeni. MaDlamini ndiye mama mkwe. Mwanamke aliyeolewa kule huitwa kwa jina la ukoo alikotoka, kwa heshima. Akachinjwa mbuzi kwa ajili ya utsiki, sherehe ya kumpokea mke mpya ukooni. Nikakalishwa mkekani pamoja na wanawake wa ukoo, nikapewa nyama kwanza, kisha maziwa mgando ya ng'ombe wa pale. Kabla ya siku hiyo maziwa ya boma lile nisingeyaonja. Nikapewa na jina, Nozizwe, mama wa mataifa, na kuanzia hapo jina langu la Tukuyu likabaki kwa mume wangu peke yake, naye kwa simu.

Wazee waliniuliza isiduko changu, yaani ukoo wenye sifa zake za mababu, maana kwao mtu asiye na isiduko hajulikani pa kushikwa wala wa kumwoa. Nikawatajia baba yangu, babu yangu, na waliomtangulia mpaka nilipofika mwisho wa ninaowajua. Wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mtu anayejua kuhesabu wafu wake ni mtu wa watu.

Umakoti, yaani kuwa mke aliyeolewa ukooni, una sheria. Kichwa kimefungwa kilemba, shali mabegani, gauni refu la kitambaa cha shweshwe. Mke aliyeolewa pale hakatizi inkundla, ule uwanja ulio kati ya nyumba kubwa na zizi. Anapita nyuma ya nyumba. Jina la baba mkwe halitamki, na hata maneno yenye silabi za jina hilo anayakwepa na kutumia mengine. Baba mkwe wangu alishafariki siku nyingi kabla sijaolewa, lakini sheria haifi na mtu. Hili la mwisho halikunishtua sana. Kwetu Unyakyusa mkamwana na baba mkwe hawakutani. Nilipokuwa mtoto nilimwona mama yangu akiacha njia na kuingia migombani kwa sababu babu alitokea mbele.

Lakini sitapamba. Unatoka kisimani na ndoo kichwani, shingo imekaza, mlango wa jiko uko hapo mbele ng'ambo ya uwanja, nawe unazunguka nyuma ya nyumba zote huku maji yakikumwagikia mgongoni. Unaamka alfajiri kuchemsha chai ya watu ambao wataamka jua likiwa juu. Nawaelewa kabisa wasichana wa kule wanaosema hawataolewa kijijini, na sidhani kwamba wamepotoka. MaDlamini mwenyewe, jioni moja tukichambua maharage ya kupikia umngqusho, ndugu yake kande letu, aliniambia hivi: "Mwaka wa kwanza nililia kila nilipokwenda kuni. Kuni ni mbali, kwa hiyo nilipata muda wa kutosha." Kisha akaniambia nipunguze kujisumbua na kilemba tukiwa wawili tu jikoni.

Sasa nije kwenye moshi, maana hapo ndipo macho yangu yalipofunguka.

Boma lina nyumba kubwa ambamo mambo ya mababu hufanyika, lina jiko, lina nyumba ya kisasa ya mabati aliyojenga shemeji, na lina nyumba za duara ambazo kila moja ni ya mtoto fulani: hii ya mume wangu, hii ya shemeji, hii ya mawifi wakija. Karibu mwaka mzima hazina mtu. Siku za mwanzo MaDlamini akiwa bado kitandani aliniagiza niwashe moto kwenye nyumba ya shemeji. Nikauliza nani anakuja. "Hakuna anayekuja," akasema, "washa tu." Kesho yake akaniagiza niwashe nyingine.

Paa la nyasi linahifadhiwa na moshi. Moshi unapanda kutoka kwenye iziko katikati ya sakafu, unapenya nyasi, unazikausha na kuzipaka masizi yanayofukuza wadudu. Nyumba isiyowashwa moto inaanza kuoza juu: nyasi zinashika unyevunyevu, mchwa na mende wanaingia, fito zinalainika, siku moja ya mvua paa linabonyea. Maji yakishapata njia ya kuingia, ukuta wa tofali mbichi unayeyuka. Nilionyeshwa boma la jirani ambaye wote walihamia mjini. Kuta zilikuwa zimebaki kimo cha goti, katikati pameota magugu, na tairi lililokuwa juu ya kilele cha paa limelala pale chini.

Kwa hiyo MaDlamini alikuwa na zamu zake kichwani. Nyumba gani ilipata moto lini, ipi imeanza kuvuja, ipi inahitaji kusiribwa. Moto wenyewe si wa kubandika tu. Kuni kavu kidogo za kuushika, juu yake kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa ili utoe moshi bila miali mikubwa, mlango wa vipande viwili ukafungwa cha chini na kuachwa wazi kidogo cha juu. Ukiacha wazi kote moshi unatoka mlangoni na paa halipati kitu. Ukifunga kote unakufa wewe. Nilikaa humo machozi yakinitoka, yeye ameegemea gongo mlangoni akiangalia juu, mpaka aone moshi umeanza kujichuja kupitia nyasi kwa nje pande zote sawasawa. Hapo ndipo aliposema, "Sasa."

Halafu sakafu. Kinyesi kibichi analeta mtoto kutoka zizini, kwa kuwa mimi siingii. Kinakorogwa na maji hadi kiwe kama uji mzito, unapiga magoti, unaanzia ukutani unarudi nyuma kuelekea mlangoni, ukichora nusu duara kwa kiganja, safu juu ya safu. Nilidhani najua kusiriba, kwetu pia tunasiriba. MaDlamini alipapasa kazi yangu kwa kidole cha mguu akasema mkono wangu ni mzito, ikikauka itapasuka. Ilipasuka.

Nyasi za paa hukatwa na wanawake wakati wa baridi, kwenye Juni na Julai, zikiwa zimekauka. Ni wanawake wale wale wanaokwenda maji, wanaolea wajukuu, wanaopalilia. Mashamba ya mbali, yale ya mabondeni yaliyolisha watu zamani, mengi yamelala. Nilipouliza kwa nini, MaDlamini alinihesabia: ng'ombe wa kulima ni wachache, vijana wa kushika plau wako Rustenburg na Cape Town, watoto waliokuwa wakichunga sasa wako shule, kwa hiyo ukipanda mbali unalimia ng'ombe wa watu. Kilichobaki ni bustani kando ya nyumba: mahindi, maboga, maharage, viazi, spinachi, vimezungushiwa miiba na nyavu. Bustani hiyo inazungumzwa kama kitu kidogo, lakini kuanzia Februari hadi Mei ndiyo iliyokuwa chakula chetu.

Watu wa mjini wanapenda kusema kijiji kinaishi kwa pesa zao. Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, kwa sababu kila mwezi tulikuwa tunatuma. Nilipokaa na MaDlamini niliona hesabu kamili. Serikali ya Afrika Kusini hulipa pensheni kwa mtu wa miaka 60 na kuendelea mwenye kipato kidogo, na posho ya malezi kwa watoto wa familia maskini. Aprili 2024, kwa mfano, pensheni ilikuwa rand 2,180 kwa mwezi na posho ya mtoto rand 530. Kwa wenzetu wa Tanzania Bara, ambako mzee asiye na ajira ya zamani hutegemea wanawe au bahati ya kuingia TASAF, na hata kwa Zanzibar walioanza pensheni jamii mwaka 2016 kwa shilingi 20,000, hizo ni fedha za maana. Sasa wengi wanazichukua kwa kadi, na siku ya malipo pikapu zinajaa bibi kutoka vijijini kwenda Mqanduli.

MaDlamini alikuwa analea wajukuu wanne. Pensheni yake ikifika ilikuwa na wenyewe: unga, mahindi ya kukoboa, sukari, mafuta, umeme wa luku, deni la duka, mchango wa chama cha mazishi, mchango wa umgalelo ambao ni upatu kama wetu. Na mwezi mmoja, wifi yangu mdogo alipopoteza kazi Cape Town, MaDlamini alikwenda kwenye kaunta ya supamaketi akamtumia nauli na pesa ya chumba. Nilisimama naye kwenye foleni. Pesa ilikuwa inatoka kijijini kwenda mjini, mikononi mwa mwanamke anayetembea kwa gongo, na hakuna mtu Johannesburg aliyejua. Wifi hakutangaza, na mama hakuona cha kutangaza. Nilipomwambia mume wangu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi na mimi aliwahi kunitumia, mwaka ule niliokuwa natafuta kazi. Nilikuwa nimesahau."

Kubaki kwa wanawake hawa hakukuanza kwa hiari, na hapo lazima niseme historia kidogo. Mgodi wa dhahabu ulimtaka mwanamume peke yake. Alikaa kwenye mabweni ya wanaume, mkataba ukiisha anarudishwa kwao. Mpaka sheria za pasi zilipofutwa mwaka 1986, mke wa kijijini aliyemfuata mumewe mjini bila kibali angeweza kukamatwa na kurudishwa. Halafu tarehe 26 Oktoba 1976 Transkei ikatangazwa kuwa nchi huru. Hakuna serikali yoyote duniani iliyoitambua ila ile ya Afrika Kusini iliyoitunga, na watu wake wakavuliwa uraia wa Afrika Kusini hadi 1994. MaDlamini hakuwahi kuhama kilima chake, lakini alitolewa nchi moja akaingizwa nyingine, kisha akarudishwa. Waliopanga mambo hayo walijua hesabu yao vizuri: mgodi unalipa mshahara wa mtu mmoja, kwa kuwa kulea watoto, kuuguza wagonjwa na kutunza wazee kunafanywa bure na mwanamke aliyeko mbali. Nikifikiria hilo moyo wangu unachemka hata leo.

Baba mkwe alichimba dhahabu Welkom, Free State. Alirudi mwishoni mwa miaka ya 1980 kifua kikiwa kimeharibika, akaishi miaka michache.

MaDlamini ana kopo kubwa la biskuti ambalo hukaa chini ya kitanda chake likiwa limefungwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Mara moja kwa mwaka, siku ya jua isiyo na upepo, anatoa yaliyomo na kuyaanika mkekani yaote joto: vyeti vya ubatizo, kitambulisho cha enzi za Transkei, hati za mshahara zenye tarehe, kadi ya namba ya mgodini, karatasi za kliniki, stakabadhi za mazishi tangu zamani. Yeye hasomi vizuri, na jina lililoandikwa kwenye karatasi nyingi halitamki. Kwa hiyo huita mjukuu asome kwa sauti, karatasi moja moja, naye anaitikia na kuirudisha mahali pake kwa mpangilio.

Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha suluhu kati ya makampuni ya dhahabu na wachimbaji walioumwa vumbi la mapafu au kifua kikuu kutokana na kazi ya chini ya ardhi kati ya tarehe 12 Machi 1965 na 10 Desemba 2019. Mfuko wa Tshiamiso ukaundwa mwaka 2020 kushughulikia madai, yakiwemo ya familia za waliofariki. Vijijini kule ukawa wakati wa kutafuta karatasi. Wajane wengi hawakuwa na kitu: nyumba iliungua, au paa lilivuja, au mtoto alikwenda nazo mjini zikapotea kwenye kuhama vyumba. Mume wangu alianza kuniambia tuwasiliane na ofisi za zamani za uandikishaji, itachukua miezi. Nikampigia MaDlamini. Akasema, "Kwani mnatafuta nini ambacho hamjaniuliza?"

Mimi ndiye niliyempeleka kuwasilisha madai. Karani alipouliza jina la marehemu tulitazamana, MaDlamini na mimi. Yeye ni mke, mimi ni makoti, wote hatulitamki. Nikaisukuma kadi mezani. Yule dada alisoma, akaandika, akasema tu, "Naelewa, mama," na akaendelea na fomu. Majibu bado tunayasubiri, kwa sababu ushahidi wa kitabibu wa mtu aliyekufa zamani ni mgumu. Lakini miaka ya kazi imethibitishwa, na imethibitishwa na kopo la biskuti.

Kuna mzee jirani ninayemwita Tat'omkhulu, yaani babu, aliyekuwa na miaka zaidi ya themanini nilipomjua. Alipouliza natoka wapi nikasema Tanzania, hakushtuka. Nikasema Tanganyika. Macho yakamwangaza, akaniambia kwa Kifanakalo, ile lugha ya migodini, "Yini wena funa lapha?" yaani unataka nini huku? Nami nikamjibu kwa vipande nilivyofundishwa na babu yangu mzaa baba. Alicheka mpaka akakohoa.

Babu alikwenda Wenela miaka ya 1950, kama vijana wengi wa Rungwe. Ndivyo watu walivyoliita shirika lililokuwa likichukua vibarua kuwapeleka migodi ya dhahabu. Uhuru ulipokuja safari hizo zikasimamishwa. Hadithi za babu zilikuwa utajiri wa utoto wetu: lifti inavyoshuka gizani, joto la kule chini, sanduku la bati alilorudi nalo limejaa mablanketi, na wenzake Wapondo na Waxhosa alioshindana nao ngoma Jumapili. Tat'omkhulu alizijua zote, kwa upande wa pili. Wanyasa, alivyowaita wote waliotoka kwetu, waliimba vizuri na walikuwa wanaogopa baridi.

Siku ile nikirudi nyumbani, kwa njia ya nyuma, nilimfikiria bibi. Hakuna aliyewahi kutusimulia alichofanya bibi miaka ile babu alipokuwa Wenela. Kwa desturi ya Wanyakyusa kulima kwa jembe ilikuwa kazi ya wanaume, na babu hakuwepo, lakini aliporudi alikuta kahawa, migomba, watoto hai na ng'ombe. Nani alilima? Nilimpigia shangazi yangu, ambaye ni mzee sasa, nikamuuliza. Akasema kama mtu anayeulizwa jambo la wazi, "Si ni mama. Alilima usiku mbalamwezi ikiwepo, maana mchana watu wangemsema." Nilikua katika nyumba hiyo hiyo, na jambo hilo nilikuja kulisikia kwa sababu ya mzee wa Kixhosa.

Desemba kijiji kinabadilika. Wiki ya pili hivi, mabasi na hiace zinaanza kufika usiku zikitoka Cape Town, zaidi ya kilomita 1,000, trela nyuma zimelundikwa magodoro, friji, na mifuko ya shangazi kaja. Wanaorudi huitwa amagoduka. Ni msimu wa vijana kutoka jandoni, na mambo ya jando siyasemi, si yangu. Sherehe za kuwapokea ndizo ninazozijua, maana wanawake ndio wanaozibeba: pombe ya umqombothi inaanza kuandaliwa siku kadhaa kabla, mkate wa umbhako unaokwa kwenye chungu cha chuma kikiwa na makaa juu na chini, vyungu vya nyama havitoki motoni.

Nilikuwa nimezoea kufika Desemba kama mgeni: nikikuta nyumba yetu imepakwa rangi mpya, sakafu inanukia, mablanketi yamekunjwa. Nilidhani hivyo ndivyo nyumba ilivyo. Mwaka niliokaa nilianza kazi hiyo Oktoba pamoja na MaDlamini na binti wa jirani. Tulipaka rangi, tulisiriba, tulifua mablanketi mtoni na kuyatandaza kwenye nyasi, tulijaza kuni, tulimhamisha kuku aliyekuwa akiatamia kwenye nyumba ya shemeji. Shemeji alipofika alitupa mabegi, akajilaza, akapumua, akasema, "Nyumbani hakubadiliki." Nilitaka kumrushia ndoo.

Januari wanaondoka. Mtoto mmoja wa wifi, wa miaka sita, alificha kiatu cha mama yake kwenye pipa la mahindi. Kilionekana baada ya hiace kupiga honi mara nyingi.

Na wapo wanaorudi ndani ya jeneza. Mtu anaweza kufanya kazi mjini maisha yake yote, lakini anazikwa kwao, Jumamosi, baada ya mkesha. Kwetu Tukuyu tunajua kuomboleza, tunachinja, tunalala msibani, kwa hiyo katika hili nilijisikia niko nyumbani kuliko jambo jingine lolote. Ijumaa usiku wanawake wa chama cha mazishi wanamenya viazi na kukata kabichi kwa magunia, wakiimba. Vijana wachache waliopo wanachimba kaburi, nao ndio hao hao kila wiki. Msafara ukifika na mabasi kutoka Johannesburg unakuta hema limesimama, chakula kiko tayari, kaburi limechimbwa.

MaDlamini sasa anatembea vizuri kwa fimbo. Tulikaa kikao cha familia, tukakubaliana kwamba binti wa jirani alipwe kila mwezi kwa maji, kuni na moto wa nyumba, na kwamba fedha hizo zisihesabiwe kama msaada. MaDlamini alisikiliza, akauliza nani atamsimamia huyo binti. Tukasema wewe. Akauliza yeye atalipwa rand ngapi kwa kusimamia. Watu walicheka. Yeye hakucheka, na mume wangu akaandika kiasi.

Baba yangu alifariki Tukuyu mwaka juzi. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyebaki naye, kwenye migomba na chai, tangu amalize darasa la saba. Katika ukoo wetu tumekuwa tukimwita aliyekwama, na tukipanga michango tulimwekea kima cha chini kwa huruma. Katika kikao cha mirathi kaka yetu mkubwa alipendekeza shamba ligawanywe sawa kwa sawa, kila mtu auze au afanye atakavyo na sehemu yake. Nilisimama nikasema mdogo wetu amefanya kazi ya miaka ishirini bila mshahara, aliyepaka chokaa, aliyeita daktari, aliyetunza hati ya shamba hilo tunalotaka kuligawa, na kwamba deni hilo lilipwe kwanza ndipo tugawane. Shangazi akaniunga mkono, akamtaja bibi na jembe lake la usiku. Kaka hakukubali. Anasema hakuna aliyemzuia mdogo wetu kuondoka. Tumepanga kukaa tena Pasaka, na nimemwomba mdogo wangu aandike kila kitu alichofanya pale nyumbani, mwaka hadi mwaka. Aliniuliza aanzie wapi. Nimemwambia aanze na paa.